Kupungua kwa shinikizo katika mfumo wa joto la nyumba

Kupungua kwa shinikizo katika mfumo wa joto la nyumba ni hali ambapo maji yanayozunguka ndani ya mabomba ya kupasha nyumba joto hupoteza shinikizo lake (mafundi husema "presha"), hata boila ikakataa kuwaka. Ni hitilafu ya kawaida katika nchi za baridi kama Uingereza, ambako nyumba nyingi hupashwa joto kwa maji yanayotoka kwenye boila ya gesi. Nyumba za Afrika Mashariki, hata zile za nyanda za juu, kwa kawaida hazina mfumo huu, hivyo Mswahili anayehamia Ulaya huenda akaiona geji ya boila kwa mara ya kwanza siku ile mshale wake unaposimama kwenye sifuri.

Dawa inayojulikana na wengi ni kufungulia maji hadi mshale upande tena. Jambo hilo huwasha boila, lakini si matengenezo, kwa sababu halielezi maji ya awali yalikwenda wapi. Ili kulijua hilo, kwanza hutazamwa shinikizo linapungua wakati gani: mfumo ukiwa umezimwa na kupoa, au kila baada ya kupata moto.

Jinsi mfumo unavyofanya kazi

Boila hupasha maji moto, na pampu huyasukuma kupitia mabomba hadi kwenye rejeta zilizofungwa ukutani katika kila chumba. Msomaji anayeijua rejeta ya gari asichanganyikiwe: ile huondoa joto ambalo injini hailitaki, hii huleta joto ambalo watu wa nyumbani wanalitaka, lakini kanuni ni moja. Maji yaliyopoa hurudi kwenye boila. Ni maji yaleyale yanayozunguka mwaka baada ya mwaka, wala si yale yanayotoka bombani jikoni.

Katika mifumo ya zamani huwekwa tangi dogo lenye boya juu darini, na maji yakipungua tangi huyafidia lenyewe. Mfumo wa namna hiyo huitwa mfumo wazi. Hauna geji ya kushuka, na kwa sababu hiyo unaweza kuvuja kwa miaka bila mtu kujua. Makala hii inahusu mfumo uliofungwa, ambao hauna tangi la darini na hujazwa kutoka bomba kuu la mtaa kwa mpira mfupi wenye vali.

Mfumo uliofungwa ukiwa baridi kwa kawaida huwekwa kwenye bar 1 hadi 1.5. Sababu ni urefu wa nyumba. Safu ya maji yenye kimo cha mita 10 huhitaji takribani bar 1 kuishikilia, kwa hiyo rejeta iliyo mita 5 juu ya boila huhitaji karibu bar 0.5 ili maji yafike tu, na kiasi kingine cha akiba. Shinikizo likishuka mno, boila hujizima ili isipashe chuma kisicho na maji ya kutosha.

Maji yakipata moto hutanuka. Lita 100 za maji zikitolewa kwenye nyuzi 10 za Selsiasi na kufikishwa nyuzi 70 huongezeka kwa lita 2.2 hivi. Maji hayashindiliki kama hewa, kwa hiyo ziada hiyo lazima ipate pa kwenda. Hapo ndipo lilipo tangi la mtanuko: chombo cha chuma, mara nyingi chekundu au kilichofichwa ndani ya boila, kilichogawanywa na kiwambo cha mpira. Upande mmoja una maji, upande wa pili una hewa iliyotiwa kwa vali kama ya tairi la gari. Maji yakitanuka hukibonyeza kiwambo, na hewa hujikunja kuyapisha. Tangi likishindwa, vali ya usalama hufunguka shinikizo linapofika bar 3 na kumwaga maji nje ya nyumba kupitia bomba dogo la shaba.

Hesabu ya tangi la mtanuko

Sheria ya Boyle inayofundishwa sekondari inatosha kueleza sehemu kubwa ya hitilafu hizi. Tuchukue nyumba yenye lita 100 za maji na tangi la mtanuko la lita 8, ambalo hewa yake ilitiwa hadi bar 0.75 kwenye geji kabla ya maji kuingia. Geji huanza kuhesabu juu ya shinikizo la angahewa, hivyo huongezwa bar 1 kupata shinikizo kamili: 1.75. Zao la shinikizo na ujazo ni 8 × 1.75, yaani 14.

Mfumo ukijazwa hadi bar 1 kwenye geji (shinikizo kamili 2), hewa hubaki na lita 7, na lita 1 ya maji imeingia ndani ya tangi. Maji yakipata moto, lita 2.2 huongezeka, hewa husukumwa hadi lita 4.8, na shinikizo kamili huwa 14 gawanya kwa 4.8, yaani karibu 2.9. Geji husoma bar 1.9. Hakuna tatizo.

Sasa mwenye nyumba, akidhani zaidi ndiyo bora, auanzishe mfumo huohuo kwenye bar 1.5. Hewa huanza na lita 5.6, maji yakitanuka hubaki lita 3.4, shinikizo kamili hufika 4.1 na geji husoma bar 3.1. Vali ya usalama hufunguka. Maji yakipoa, geji hushuka chini ya pale ilipoanza, mwenye nyumba huongeza tena, na kesho yake mambo hujirudia. Hakuna bomba lililopasuka. Tangi ni dogo kwa maji yale.

Hali hiyo huwa mbaya zaidi hewa ya tangi inapopungua, kama inavyopungua katika tairi lililokaa muda mrefu. Tangi lililopoteza hewa haliwezi kupokea mtanuko, na pia halina akiba ya kurudisha maji. Katika mfano wetu wa kwanza, lazima lita 1.4 zipotee ndipo geji ishuke kutoka bar 1.5 hadi 1. Tangi likiwa limekufa, kiasi cha kikombe kinaweza kuiangusha hadi karibu na sifuri. Kwa hiyo mshale unaoanguka haraka si lazima uwe na maana ya uvujaji mkubwa.

Dalili na maana zake

Shinikizo likipanda sana wakati wa moto, likikaribia bar 3, kisha likashuka karibu na sifuri baada ya kupoa, wa kushukiwa kwanza ni tangi la mtanuko. Njia rahisi ya kuthibitisha ni kufunga mfuko mkavu wa plastiki kwenye mdomo wa bomba la vali ya usalama huko nje kwa siku moja. Ukikutwa na maji, maji yametokea kwenye vali hiyo. Vali ya usalama iliyofunguka mara nyingi huweza kushikwa na takataka ikaacha kufunga sawasawa, hivyo tangi likitengenezwa vali nayo huenda ikahitaji kubadilishwa. Fundi akibonyeza sindano ya vali ya hewa ya tangi na yakatoka maji badala ya hewa, kiwambo kimechanika. Kulitia hewa hakutasaidia. Kiwambo kikiwa kizima, hewa hutiwa kwa pampu baada ya kuondoa shinikizo la maji, kwa maana hewa ikipimwa huku maji yakilisukuma tangi kutoka upande wa pili, kipimo kitadanganya.

Shinikizo likipungua polepole wakati wote, usiku na mchana, moto na baridi, maji yanavuja mahali fulani. Tone moja kila sekunde 10, kwa kukadiria matone 20 kwa mililita, hutoa karibu mililita 430 kwa siku; zile lita 1.4 za hapo juu huisha kwa siku tatu na kitu. Tone hilo likiangukia bomba la moto hukauka kabla halijaonekana, na kinachobaki ni alama: ukungu wa kijani kwenye shaba, kutu ya kahawia kwenye chuma, au doa jeusi kwenye zulia, maana maji ya mfumo mkongwe huwa meusi kwa oksidi ya chuma.

Kuna kushuka kusiko na ugonjwa. Mtu akitoa hewa kwenye rejeta, shinikizo hushuka mara moja na huhitaji kurudishwa. Mfumo uliojazwa upya nao hutoa hewa iliyoyeyuka ndani ya maji kwa wiki kadhaa, kisha hutulia. Geji yenyewe pia hukwama: ikisoma sifuri huku maji yakiruka kwa nguvu kwenye tundu la hewa la rejeta ya juu, mwongo ni geji.

Kutafuta mahali panapovuja

Huanzwa na yanayoonekana. Karatasi ya chooni iliyo kavu ikipitishwa kuzunguka vali za rejeta, maungio na pampu huonyesha unyevu ambao kidole hakiuhisi. Mahali panapovuja zaidi ni shina la vali ya rejeta, ambalo mara nyingi hutulia kwa kukazwa kidogo kwa spana.

Pasipoonekana kitu, mfumo hugawanywa mara mbili. Boila huzimwa na kuachwa ipoe, kisha vali mbili za chini yake, ya maji yanayotoka na ya yanayorudi, hufungwa usiku kucha. Geji kwa kawaida iko upande wa boila. Asubuhi ikiwa imeshuka, uvujaji uko ndani ya boila au kwenye vali yake ya usalama. Ikiwa imesimama palepale, na ikashuka vali zilipofunguliwa, uvujaji uko kwenye mabomba au rejeta. Boila haipaswi kuwashwa vali hizo zikiwa zimefungwa.

Boila za kisasa hupoza moshi hadi mvuke wake unageuka maji, na maji hayo hutoka kwa bomba la plastiki. Boila ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa, bomba hilo halina sababu ya kuendelea kudondosha. Likiendelea, huenda kibadilisha joto kimetoboka na maji ya mfumo yanapitia humo bila kulowesha sakafu. Hiki ndicho chanzo ambacho wengi hukikosa.

Mabomba yaliyozikwa chini ya sakafu ya zege ndiyo magumu. Mafundi hutumia kamera ya joto, au huondoa maji na kujaza mabomba mchanganyiko wa nitrojeni na hidrojeni kidogo, kisha huitafuta hidrojeni inapopenyeza juu.

Madhara ya kuongeza maji kila mara

Maji mapya huja na oksijeni, na oksijeni hula chuma cha rejeta kutoka ndani. Pia huipunguza nguvu dawa ya kuzuia kutu iliyotiwa katika mfumo. Tope jeusi hujikusanya chini ya rejeta na ndani ya boila, na kutu hiyo huweza kuleta matundu mapya. Anayeongeza maji mara moja au mbili kwa mwaka hana haja ya hofu. Anayeongeza kila wiki anaiua boila yake taratibu. Katika nyumba nyingi za Amerika Kaskazini zinazotumia mfumo wa maji, vali maalumu huongeza maji yenyewe, hivyo geji hubaki imetulia huku uvujaji ukiendelea.

Nchini Uingereza mpira wa kujazia hutakiwa kutenganishwa baada ya kazi, ili maji ya mfumo yasirudi kwenye maji ya kunywa. Kazi ya gesi ndani ya boila huruhusiwa kwa mafundi walioandikishwa na Gas Safe Register tu, chombo kilichoanza kazi mwaka 2009. Mpangaji wa kawaida wa England hatakiwi kulipia matengenezo hayo: sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 1985 inamwachia mwenye nyumba jukumu la kutunza mitambo ya joto. Mpangaji anayemweleza kwamba mshale ulisimama wapi jioni na wapi asubuhi, na boila ilikuwa imewashwa au imezimwa, humpunguzia fundi nusu ya kazi.