Uzazi wa bure na mama wa Muheto: fedha ya wote inamfikiaje aliye mbali?

Katika mikutano ya akina mama kanisani swali moja linarudi kila mara: kama Serikali ilitangaza kwamba kuzaa ni bure, mbona sisi wa Muheto tunaendelea kulipa? Nyuma ya swali hilo kuna lingine ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini: je, ni kwa sababu ya kabila? Nitajaribu kueleza yote mawili, maana swali la pili lisipojibiwa mchana hujibiwa usiku, na majibu ya usiku katika Masisi tunayajua.

Tuanze na ahadi yenyewe. Tarehe 5 Septemba 2023, huko Kinshasa, Rais Félix Tshisekedi alizindua mpango wa uzazi wa bure, kisha ukaanza kupelekwa mikoani hatua kwa hatua. Kwa mpango huo mama halipi kupima mimba, halipi kuzaa, iwe kwa njia ya kawaida au kwa kupasuliwa, halipi huduma za baada ya kuzaa, na mtoto mchanga anatunzwa mpaka afikishe siku 28. Ni ahadi kubwa, na hatuna sababu ya kuidharau. Uchunguzi wa taifa wa 2013-2014 ulihesabu vifo vya akina mama 846 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Ule wa 2023-2024 ulihesabu 746. Imeshuka, lakini kwa miaka kumi ni kushuka kwa mwendo wa konokono.

Neno "bure" ndilo linalotuchanganya. Hakuna kuzaa kwa bure. Kuna kuzaa ambako mwingine amelipa. Mama anapita mlangoni bila kutoa faranga, kituo cha afya kinaandika hesabu, na hesabu hiyo inapelekwa kwenye mfuko wa Serikali unaoitwa Fonds de Solidarité de Santé, ambao ndio unaopaswa kulipa. Kwa hiyo kituo kinatumia leo na kulipwa baadaye. Glavu, nyuzi, sabuni, sindano ya kuzuia damu, mafuta ya jenereta: vyote vinanunuliwa leo. "Baadaye" ikiwa ni wiki mbili, kazi inaendelea. Ikiwa ni miezi mingi, muuguzi ambaye hana mshahara wa Serikali (na wengi huku hawana, wanaishi kwa kile wagonjwa wanacholipa) atatafuta njia. Ataomba "pesa ya sabuni". Atamtuma baba wa mtoto akanunue dawa nje. Simtetei, lakini mwenye haki ya kumhukumu ni yule aliyemlipa.

Majirani zetu wa Burundi walipita njia hii mapema. Mwezi wa Mei 2006 nchi hiyo ilitangaza kwamba kuzaa, pamoja na matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano, ni bure katika vituo vya Serikali. Akina mama walikuja kwa wingi, jambo lililoonyesha kwamba pesa kweli ndiyo iliyokuwa imewafungia nyumbani. Lakini malipo ya Serikali yalichelewa, dawa zikaisha, wauguzi wakachoka. Mwaka 2010 waliunganisha ubure huo na utaratibu wa kukilipa kituo kulingana na kazi iliyofanyika na kukaguliwa. Utaratibu wa namna hiyo umejaribiwa pia katika Kongo, na ndani yake kuna wazo moja ambalo nalipenda: kituo kilicho mbali sana, kwenye njia mbaya, kinaongezewa kitu juu ya malipo ya kawaida. Maana fedha iliyo sawasawa haileti matokeo yaliyo sawasawa. Ukimpa faranga zilezile aliye kando ya barabara ya lami na aliye nyuma ya milima mitatu, umempendelea wa kwanza.

Sasa swali la kabila.

Wataalamu wa uzazi husema kwamba mama hufa kwa sababu ya kuchelewa mara tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akiwa amefika. Tafadhali ziangalieni hizo tatu kwa macho ya hapa kwetu. Kuamua kwenda: mama anajiuliza ni nani atampokea, atasemeshwa kwa lugha gani, atachekwa au hatachekwa. Kufika: kijiji cha mtu kinajulikana kwa kabila lake, na njia ya kwenda hospitali inapita katika kijiji cha wengine, pengine na kizuizi cha watu wenye bunduki wanaouliza jina la baba yako. Kipoyi kikibebwa na vijana wa kabila fulani usiku, wao wenyewe wanaogopa. Na kuhudumiwa: hapo sisemi mengi, kila mmoja amewahi kuona nani anaitwa kwanza na nani anaachwa kwenye benchi. Wahunde, Wahutu, Watutsi, Wanyanga, Watwa: kila mmoja ana hadithi yake ya benchi, na kwa kawaida anadhani ni yeye peke yake.

Jambo hili si la Masisi tu. Huko Marekani, nchi yenye hospitali nyingi na mashine za kila aina, takwimu za Serikali za mwaka 2023 zinaonyesha vifo vya akina mama Weusi 50.3 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, na vya akina mama Weupe 14.5. Umaskini peke yake hauelezi tofauti hiyo, kwa sababu hata mama Mweusi mwenye diploma ya chuo kikuu yumo katika hatari kubwa kuliko mwenzake Mweupe mwenye diploma hiyohiyo. Mara nyingi analalamika kwamba anaumwa na hasikilizwi. Ndugu zetu wengi waliotoka kambi za wakimbizi na kupelekwa huko wanazalia katika hospitali hizo, kwa hiyo habari hii ni ya familia zetu pia.

Walifanya nini na fedha ya umma? Bima ya Serikali kwa watu wa kipato kidogo, Medicaid, inalipia karibu watoto wanne kati ya kumi wanaozaliwa huko. Zamani mama aliyeingia kwa sababu ya mimba aliweza kuondolewa siku 60 baada ya kuzaa. Lakini vifo vingi vinatokea baada ya kuzaa, vingine miezi mingi baadaye. Sheria ya mwaka 2021 iliruhusu majimbo kuongeza muda huo mpaka miezi 12, na karibu majimbo yote yamekubali. Hawakuandika kwamba fedha hii ni ya Weusi tu. Walitafuta mahali ambapo pengo linazaliwa, wakaweka fedha hapo. Pengo bado lipo, tusidanganyane, ila njia hiyo ya kufikiri inatufaa.

Sisi Wakongomani pia tunajua fedha ya afya iliyogawiwa kwa rangi. Wakati wa Wabelgiji hospitali ya Mzungu na ya Mweusi zilikuwa mbalimbali, na hakuna aliyeulizwa kwa nini. Mwaka 1947 Ubelgiji iliunda Fonds du Bien-Être Indigène, mfuko uliojenga zahanati, maternite na visima vijijini. Sehemu kubwa ya fedha yake ilikuwa malipo ya gharama ambazo Kongo ilizibeba wakati wa vita, na nyingine ni faida ya bahati nasibu ya koloni. Maana yake, walirudishia Mkongomani kile kilichokuwa chake na kukiita ustawi wa mwenyeji. Hata hivyo mama aliyezalia katika maternite ile alizaa salama zaidi, na hilo nalo ni kweli. Wazee wetu wa Kiprotestanti wana kumbukumbu nyingine ya nyakati hizo: mpaka baada ya Vita ya Pili ya Dunia, ruzuku ya shule ilikwenda kwa misioni zilizoitwa za kitaifa, yaani za Kikatoliki, na zetu zikapitwa. Tunajua kusimama kwenye benchi.

Leo wanaopitwa kuliko wote huku ni Watwa, wale ambao wengine bado wanawaita mbilikimo, jina la dharau ambalo lisisikike kanisani. Walitolewa misituni, hawana shamba, wanaishi pembeni ya vijiji vya wengine kwa vibarua. Mama Mtwa akifika kituoni bila kitenge kizuri na bila pesa, mara nyingi haambiwi "hapana", anaambiwa "ngojea". Nchi yetu ina sheria juu ya hilo: Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022, inayolinda na kuendeleza haki za watu asilia Pigme, na afya imo ndani yake. Lakini sheria haina miguu. Bila mstari katika bajeti, na bila mtu wa kwenda kambini kuwaambia akina mama kwamba haki hiyo ipo, inabaki karatasi ya Kinshasa.

Tatizo la mwisho ni gumu, na ndugu wachungaji wenzangu hatukubaliani wote. Ili fedha ifuate pengo, lazima pengo lionekane, na ili lionekane lazima tuhesabu. Marekani wanahesabu kwa rangi, ndiyo sababu wanajua 50.3 na 14.5. Je, na sisi tuandike kabila kwenye fishi ya mama mjamzito? Mimi nasema hapana. Katika milima hii, ambako tangu 1937 Wabelgiji walileta familia nyingi kutoka Rwanda na kuacha ugomvi wa ardhi ambao haujaisha, orodha ya majina yenye kabila pembeni ni kitu cha hatari hata ikiandikwa kwa nia njema. Leo iko kwa muuguzi, kesho kituo kinavamiwa, nayo iko mikononi mwa nani? Tuhesabu kwa kijiji, kwa umbali wa kutembea, kwa kambi ya wakimbizi wa ndani. Kijiji ambacho wajawazito wake hawaonekani kituoni kitajitokeza chenyewe katika hesabu, na hapo ndipo pa kupeleka fedha. Kwa Watwa peke yao, kwa kuwa sheria imewataja, ni halali kambi zao zitajwe, nao wenyewe wakiulizwa kwanza.

Kanisa la kwanza lilikutana na jambo hili katika Matendo ya Mitume sura ya 6. Kulikuwa na mfuko wa wote, na wajane waliosema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Angalieni mambo mawili ambayo mahubiri yetu huyapita haraka. Mitume hawakuwaambia wajane kwamba wanaleta ukabila kwa kulalamika; walikubali kwamba lalamiko linahitaji kazi. Na wale saba waliochaguliwa kusimamia mgawo, wote wana majina ya Kigiriki. Inaelekea basi kwamba mfuko uliwekwa katika mikono ya watu wa upande uliosahauliwa, na wajane wa upande mwingine hawakusikika wakilia njaa.

Najua wapo watakaosema: Mchungaji, unazungumza bajeti wakati huu? Ni kweli. Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa. Hesabu ya kituo itapelekwa kwa nani, na malipo yatapita wapi? Katika siku hizohizo Marekani ilisimamisha msaada wake, ambao mwaka 2024 ulibeba karibu asilimia 70 ya fedha za misaada ya dharura katika Kongo. Kwa hiyo jibu fupi kwa akina mama wa Muheto ni hili: mnalipa kwa sababu mfuko unaopaswa kuwalipia haufiki hapa, na misaada iliyokuwa ikiziba nafasi yake imepungua. Wote mnalipa. Lakini aliye mbali, aliye kambini na Mtwa wanalipa zaidi, kwa pesa au kwa uhai.

Wakati tunangoja, parokia yetu imeanza jambo dogo. Sadaka ya Jumapili moja kwa mwezi inawekwa kando kwa ajili ya kipoyi, pikipiki na deni la mama anayezuiliwa kituoni kwa kukosa malipo. Kamati ina akina mama watano wa makabila mbalimbali, na mmoja ni Mtwa, ambaye mwanzoni alikuwa akikaa karibu na mlango. Daftari lao halina safu ya kabila wala ya dhehebu. Lina tarehe, kijiji, saa za kutembea, kilicholipwa, na kama mama na mtoto walirudi nyumbani. Baada ya miezi mitatu watalipeleka mbele ya CODESA, kamati ya afya ya eneo letu, ili vijiji ambavyo havikuandikwa hata mara moja vijadiliwe kwa majina.