Mzigo wa mtoto wa Igunga haupimwi

Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kaze, Tabora ya leo, mwaka 1857, aliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi wenye umri wa miaka sita au saba walikuwa tayari wakibebeshwa vipembe vidogo vya ndovu mabegani. Upagazi ulikuwa fahari ya mwanamume, na mtoto alizoeshwa mapema. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, pembe zilishuka mabegani mwa watu wazima, lakini mabega ya watoto hayakupumzika.

Leo lori la mizigo linalopita Igunga kuelekea Nzega hupimwa kwenye mizani njiani, na likizidisha uzito dereva hutozwa faini. Mtoto anayetoka shambani na kiroba cha pamba kichwani hapimwi na mtu yeyote.

Hakuna anayesema mtoto wa Igunga asifundishwe kazi. Kufagia uwanja, kuosha vyombo au kumsaidia mama kupukuchua mahindi baada ya masomo ni malezi, na Msukuma au Mnyamwezi aliyelelewa vizuri anajivunia malezi hayo. Tunachopaswa kujiuliza ni kazi hiyo inaufanya nini mwili wa mtoto na inamwachia muda gani wa kula, kulala, kucheza na kusoma. Tukiuliza hivyo, mengi tunayoyaita ya kawaida yanaonekana kuwa ni madhara.

Tuanze na pamba, zao kuu la biashara wilayani. Wadudu wakiingia shambani, bomba la dawa hubebwa na yeyote aliye karibu, mara nyingi kijana wa shule asiye na glovu wala barakoa. Mwili wa mtoto si mwili wa mtu mzima uliopunguzwa ukubwa. Kwa kila kilo ya uzito wake, mtoto huvuta hewa nyingi zaidi na ana ngozi pana zaidi ya kupitisha sumu, ilhali ubongo wake bado unajengeka. Baadhi ya viuatilifu hushambulia mishipa ya fahamu: macho hutoa machozi, mate hujaa mdomoni, tumbo husokota, kichwa huuma. Mtoto akilala usiku mmoja na kuamka mzima, wazazi huona yamekwisha. Sumu inayorudi kila msimu haina haraka, na madhara yake yanaweza kuonekana baadaye katika kumbukumbu na uwezo wa kujifunza.

Katika wilaya za tumbaku za mkoa wetu wa Tabora, Urambo, Kaliua na Sikonge, hatari iko kwenye jani lenyewe. Jani likiwa na umande, nikotini hupenya ngozi ya anayelivuna. Mtoto hushikwa na kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika, na ni rahisi nyumbani wakadhani ni malaria.

Kwenye dhahabu hali ni mbaya zaidi. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu migodi midogo ya Tanzania, likieleza jinsi watoto, wengine wa miaka minane tu, walivyochimba mashimoni, kubeba mawe na kuchanganya zebaki kwa mikono mitupu. Zebaki ikichomwa hutoa mvuke unaoingia mapafuni na kwenda kuharibu ubongo na figo. Mtoto aliyesimama kando ya moto akiangalia tu naye anaivuta.

Kazi ya kuchunga inaonekana nyepesi kwa sababu haina sumu wala mashine. Lakini mvulana anayefuata ng'ombe kwenye mbuga ya Wembere hushinda juani, mara nyingi bila chakula, akinywa maji ya lambo pamoja na mifugo. Akiingia kwenye maji yaliyotuama yenye konokono, anaweza kupata kichocho. Nyoka akimgonga, zahanati iko mbali. Na yuko peke yake tangu asubuhi hadi jioni, wakati wenzake wanajifunza kusoma na kucheza pamoja. Upweke huo nao ni jeraha. Dada yake, anayechota maji alfajiri na kubeba mtoto mgongoni mchana kutwa, husinzia darasani na kuitwa mvivu.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa watoto milioni 4.2 nchini, asilimia 28.8 ya wenye umri wa miaka 5 hadi 17, walikuwa katika utumikishwaji. Wengi wako kwenye kilimo na mifugo, na mara nyingi mwajiri wao ni familia yenyewe. Ndiyo maana askari peke yake hawezi kulimaliza tatizo hili.

Sheria tunayo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu mtoto wa miaka 14 kufanya kazi nyepesi tu, inakataza kazi za usiku, na inataja uchimbaji madini na ubebaji wa mizigo mizito kuwa kazi hatarishi. Tangu mwaka 2016 elimu ya msingi na ya sekondari hadi kidato cha nne katika shule za serikali haina ada. Kinachobaki ni umaskini, uhaba wa vibarua na mazoea.

Mazoea tunaweza kuyaacha msimu huu huu. Mzazi, bomba la dawa libebwe na mtu mzima, na mtoto asiingie shambani siku ya kupuliza. Mwenye ng'ombe wengi amwajiri mchungaji mtu mzima. Mtoto si njia ya kuokoa mshahara. Vyama vya msingi vya pamba vizungumze na wanachama wao kuhusu afya ya watoto kama vinavyozungumza kuhusu bei. Serikali za vijiji zihoji kila mtoto anayekosekana shuleni wakati wa mavuno, na wazazi wachangie chakula cha mchana ili shule iwe mahali ambapo mtoto anashiba.

Nawe msomaji, ukimwona mtoto anayetumikishwa, mwone ofisa ustawi wa jamii au piga simu namba 116. Ni bure.