Safari ya Kutwa Kwenda Fungu la Maziwe

Wasomaji wetu wa Mnyuzi, na wa nchi yote ya Korogwe na Handeni, wanaufahamu mto Ruvu, ambao ramani huuita Pangani. Maji yake hutoka katika milima ya Kilimanjaro na Meru, hupita Korogwe, huanguka penye maporomoko ya Hale, kisha huenda zake mpaka mji wa Pangani, ndipo yaingiapo baharini. Haya kila mtoto wa shule aweza kuyataja. Lakini mbele ya mlango wa mto huo, yapata kilometa 8 kutoka pwani, kuna kisiwa ambacho wachache wetu wamepata kukiona. Jina lake ni Maziwe. Katika mazungumzo haya tutaeleza jinsi kikundi kidogo cha watu kiwezavyo kwenda huko kwa mashua na kurudi siku ile ile. Na hasa tutalieleza jambo moja ambalo mtu wa bara hana budi kulijua kabla hajatia mguu chomboni, nalo ni saa ya maji.

Sisi tuliokulia kandokando ya mto tumezoea maji yaendayo upande mmoja tu. Mto hujaa wakati wa masika, hupungua wakati wa kiangazi, na mtu aweza kuweka jiwe ukingoni leo akalikuta juma lijalo palepale pakavu. Bahari haina desturi hiyo. Kila usiku na mchana hujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Tangu kujaa hata kupwa ni kama saa sita na zaidi kidogo, na tangu kupwa hata kujaa vivyo hivyo. Kwa sababu ya hicho kizidicho, saa ya maji husogea mbele kila siku kwa muda wa kama dakika 50. Leo yakipwa saa nne, kesho yatakupwa karibu saa tano.

Kuna nchi ambazo watu huenda visiwani bila kuuliza habari hizi. Mtu atokaye mji wa Naples, katika Italia, kwenda kisiwa cha Capri, huuliza nauli na saa ya kuondoka chombo, basi. Bahari ile, iitwayo Bahari ya Kati, imezungukwa na nchi kavu karibu pande zote. Mlango wake wa magharibi, penye Gibraltar, una upana wa kilometa 14 tu pale palipo pembamba, kwa hiyo maji ya bahari kuu hayapati nafasi ya kuingia na kutoka kwa wingi. Penye Naples kupwa na kujaa hakuzidi sana dhiraa moja. Tena Capri ni mlima wa mawe. Maziwe ni mchanga, na katika pwani yetu maji ya bamvua hupanda mita 3 na zaidi, yaani karibu kimo cha watu wawili. Yajaapo maji hayo kisiwa chote hufunikwa. Msafiri aliyefika asubuhi akatandika mkeka wake juu ya mchanga mweupe, mchana akitazama kutoka mbali haoni ila bahari.

Zamani haikuwa hivyo. Maziwe kilikuwa kisiwa kweli, chenye mivinje na vichaka, na wavuvi walipumzika kivulini mwake. Kasa walipanda usiku kutaga mayai, na kwa habari hiyo Maziwe kilisifiwa kuliko mahali pengine pengi katika pwani ya Tanzania. Mwaka 1975 Serikali ilikitangaza kuwa hifadhi, ili viumbe vyake visiharibiwe. Lakini wakati huohuo mchanga ulikuwa ukiondoka, na miti ikianguka mmoja baada ya mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapakuwa tena na mti hata mmoja. Sheria iliwazuia watu. Mawimbi hayakusoma sheria.

Wataalamu waliochunguza mambo haya hutaja sababu zaidi ya moja: miti kukatwa, nguvu ya mawimbi na mikondo, na usawa wa bahari yenyewe kupanda. Kuhusu miti, watu wa milima ya Usambara hawahitaji kuelezwa mengi. Wameona jinsi mteremko uliofyekwa unavyochukuliwa na mvua. Mchanga wa kisiwa hushikwa na mizizi, na majani huukinga na upepo. Mizizi ikiisha kuoza hakuna kiushikacho. Tofauti ni kwamba mlimani shamba lililoharibika laweza kupandwa miti tena, lakini katika fungu linalofunikwa na maji ya chumvi mche hauna pa kuanzia.

Kasa, hata hivyo, hawajasahau njia. Kasa jike hurudi kutaga katika pwani za upande ule alikozaliwa, ingawa imepita miaka mingi. Hupanda mchangani usiku, huchimba shimo kwa miguu yake ya nyuma, hutaga mayai yapata 100 au zaidi, huyafukia, kisha hurudi baharini asiyaone tena. Mayai hukaa mchangani karibu miezi miwili ndipo yaanguliwe. Katika Maziwe ya leo hayawezi kukaa miezi miwili, maana bamvua ya kwanza huyafunika na kuyaua. Kwa hiyo wapo watu wa kijiji cha Ushongo, katika pwani iliyo karibu, waliojitwika kazi ya kuyahamisha. Huyachukua kwa uangalifu bila kuyageuza, huyafukia tena katika pwani ya nchi kavu mahali maji yasipofika, na huyalinda mpaka watoto wa kasa watoke na kukimbilia baharini. Ni kazi ya subira, na kwa maoni yetu ni kazi ya heshima.

Sasa tuje katika safari yenyewe. Kwanza tuchague siku, na siku huchaguliwa kwa mwezi wa mbinguni. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hujaa sana na kupwa sana. Katika pwani yetu siku hizo maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa kabisa jioni kati ya saa kumi na saa kumi na moja. Hii ni neema kwa msafiri wa Maziwe, kwa sababu mchanga huwa mpana wakati wa asubuhi, kabla upepo wa mchana haujashika nguvu. Mwezi ukiwa nusu, yaani tarehe 8 au 22 za mwezi mwandamo, mambo hugeuka. Asubuhi saa nne maji yamejaa, na kupwa ni alasiri. Tena ni maji mafu, yasiyopwa sana. Basi siku za kufaa ni tangu tarehe 29 hata 2 za mwezi mwandamo, na tangu 14 hata 17. Hesabu hii yatosha kwa kupanga safari nyumbani. Saa halisi tumwulize nahodha.

Pamoja na mwezi tuutazame upepo. Kusi huvuma kwa nguvu sana katika Juni na Julai, na haifai kumpeleka mtu asiyezoea bahari katika mashua ndogo miezi hiyo. Wakati wa maleleji, Oktoba na Novemba, bahari hutulia. Kaskazi pia, tangu Desemba hata Machi, ina siku nyingi njema, ila mchana yaweza kuwa kali.

Kutoka Mnyuzi twaenda Muheza, kisha twashika njia ya Pangani katikati ya mashamba ya mkonge. Kwa kuwa chombo hutoka asubuhi na mapema, hapana budi kufika Pangani au Ushongo jana yake na kulala huko. Anayedhani atatoka Mnyuzi alfajiri na kuyawahi maji kupwa saa nne atayakosa, na maji hayamngojei mtu.

Kikundi kisizidi watu 8 au 10. Chombo hukaa sawa kikiwa na watu wachache, na nahodha huweza kuwahesabu wote kwa mtupo mmoja wa jicho. Kadhalika watu wachache huitika haraka waitwapo, na katika Maziwe kuitika haraka ni jambo kubwa. Vyombo viendavyo ni mashua na ngalawa za tanga, na mashua za injini. Kabla ya kupatana nauli, mmoja wetu amwendee nahodha kwa adabu: “Shikamoo, nahodha. Kesho maji yatakupwa saa ngapi, nasi tutaondoka kisiwani saa ngapi?” Nahodha mwema hujibu maswali yote mawili papo hapo, maana hiyo ndiyo elimu yake. Akijibu la kwanza na kulipuuza la pili, akisema tutaona huko huko, tutafute mwingine. Tena tutazame kama mna maboya ya kuvaa kwa kila mtu, watoto nao, na chombo cha kutekea maji yaingiayo. Kuogelea mtoni si sababu ya kuyakataa maboya.

Mashua huondoka maji yangali yakipwa. Hapa pana ufundi. Maji yanayopwa hutoka mlangoni mwa mto kwa nguvu na kuisukuma mashua nje. Nasi tukirudi wakati wa kujaa, maji yaleyale yatuingiza ndani. Mlangoni penyewe, mkondo utokao ukikutana na upepo uingiao, mawimbi husimama wima. Mgeni aweza kuogopa. Tuketi chini tumboni mwa mashua, tusisimame wala kuhama upande bila kuambiwa, na foromali inapogeuzwa kila mtu ainamishe kichwa. Anayesikia kichefuchefu atazame nchi iliyo mbali, si maji yaliyo karibu. Akishindwa, aelekee upande wa demani, ambako upepo unakwenda, si upande wa goshi unakotoka, asije akawarudishia wenzake. Mara nyingine pomboo hufuatana na mashua, na hapo hata mgonjwa husahau ugonjwa wake.

Huko Maziwe hakuna kivuli, hakuna maji ya kunywa, hakuna duka. Mchanga mweupe huurudisha mwanga wa jua machoni na usoni, na mtu huungua hata chini ya ukingo wa kofia. Basi tuchukue maji ya kutosha, shuka ya kujifunika na viatu vya mpira. Ada ya kuingia katika hifadhi hulipwa, nasi tudai stakabadhi. Pembeni ya mchanga kuna matumbawe, ambayo wengi hudhani ni mawe. Si mawe, bali ni makazi yaliyojengwa na wanyama wadogo sana, na unyayo mmoja waweza kuvunja kilichojengwa kwa miaka mingi. Mwenye miwani ya kuzamia akilala kifudifudi juu ya maji ataona samaki wa rangi zote, na viti vya pweza mchangani. Tuvitazame, tuviache. Kuvua na kuokota vitu vya hifadhi kumekatazwa, na takataka zetu zirudi nasi.

Sasa saa ya kuondoka. Mtu aweza kudhani kwamba maji yakipanda mita 3 katika saa 6 hupanda nusu mita kila saa. Sivyo. Mabaharia wana hesabu yao: gawanya kimo chote mafungu 12. Saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda fungu 1, saa ya pili mafungu 2, saa ya tatu mafungu 3, na saa ya nne mafungu 3. Kisha hupungua tena, 2 na 1. Maana yake, katika saa ya kwanza maji ya mita 3 hupanda sentimita 25 tu, na wageni hucheka na kusema bahari imelala. Katika saa ya tatu pekee hupanda sentimita 75, kufika mapajani mwa mtu mzima. Na kwa kuwa fungu la mchanga ni tambarare, maji hayaji kutoka upande mmoja kama mto uliofurika. Huzunguka, hujaza mabonde madogo ya mchanga nyuma yetu, na aliyekwenda kutembea ncha ya pili hujikuta ametengwa na wenzake kwa mfereji ambao nusu saa iliyopita haukuwapo.

Kwa hiyo, maji yakipwa saa nne u nusu, tuliofika saa tatu u nusu tuna muda wa saa mbili hivi. Saa tano u nusu watu wote wawe karibu na mashua, wamehesabiwa, na vitu vyao vimepakiwa. Mwalimu mwenye wanafunzi awaweke wawili wawili, kila mmoja ajibu kwa ajili ya mwenzake. Mashua isiachwe imekaa mchangani bila mtu. Baharia mmoja abaki nayo, na nanga iwe imetiwa, kwa maana maji yakipanda huielea na kuichukua kimya kimya.

Wakati wa kurudi upepo wa bahari huwa umeamka, nao huvuma kuelekea nchi kavu. Tanga hujaa, na mashua huenda upesi kuliko asubuhi. Mlangoni mwa Pangani maji huwa yanaingia pamoja nasi, na rangi yake hubadilika kutoka buluu kuwa ya udongo. Hayo ndiyo maji ya Ruvu, yaliyopita Korogwe siku chache kabla yetu.