Arap Daudi: Nasaba za Masihi na rekodi zake

Huku Kericho na Bomet, ukimtaja mzee wa Kipsigis kwa jina la ubatizo tu, wasikilizaji hungoja "arap", wajue ni mwana wa nani. Mathayo naye anaanzia hapo hapo: Yesu, mwana wa Daudi, mwana wa Abrahamu. Ahadi ya Masihi ilitolewa kwa ukoo, na kwa Wakristo nasaba ndiyo hati yake.

Ndefu kuliko zote. Kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura 9 za majina. Waliorudi kutoka Babeli walizihitaji sana orodha za aina hii: Ezra anasimulia makuhani waliozuiwa kazi kwa sababu majina yao hayakuonekana.

Fupi yenye mzigo mzito. Mwisho wa Ruthu: aya 5, majina 10, kutoka Peresi hadi Daudi. Ndani yake yumo mtoto wa Ruthu, mjane Mmoabi. Babu wa mfalme mkuu wa Israeli alizaliwa na mwanamke wa kuja.

Iliyopangwa kwa ustadi zaidi. Mathayo ana mafungu 3 ya vizazi 14, na herufi za jina Daudi kwa Kiebrania hujumlishwa 14. Wafalme 3, Ahazia, Yoashi na Amazia, wamerukwa. Wakatoliki huisoma orodha hii Desemba 17, na msomaji akishavuka Shealtieli na Zerubabeli, kanisa zima hupumua naye.

Yenye mabishano mengi. Baba yake Yusufu ni Yakobo kwa Mathayo, ni Eli kwa Luka, ambaye hupanda hadi Adamu. Wengine husema Luka anafuata ukoo wa Mariamu. Julius Africanus, katika karne ya 3, alisema Eli alikufa bila mtoto na Yakobo, ndugu yake kwa mama, akamzalia kwa mjane. Wazee wa Kipsigis hawahitaji kufafanuliwa hilo: kimila, mtoto wa mjane aliyerithiwa ni wa marehemu.

Iliyotia watawala hofu. Herode aliposikia kwamba mfalme amezaliwa, aliuliza wapi. Akajibiwa kwa unabii wa Mika: Bethlehemu, mji wa Daudi. Watoto wa huko wakauawa. Kericho inaijua hofu ya aina hiyo. Katika ukoo wa Talai uongozi na unabii vilirithiwa, na mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuuhamisha ukoo huo kwenda Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Kosa lilikuwa kuzaliwa humo.

Iliyokatwa chini zaidi. Yeremia alitangaza kwamba hakuna mzao wa mfalme Yekonia atakayefanikiwa kukalia kiti cha Daudi. Mathayo anamwandika Yekonia hata hivyo, bila kumficha. Isaya alikuwa ametabiri chipukizi kutoka katika shina la Yese, baba yake Daudi, na mkulima wa chai haoni ajabu. Mchai hupogolewa hadi usawa wa goti. Shamba hubaki vijiti vya kijivu, mgeni akadhani limeungua. Mwenye shamba haling'oi. Baada ya majuma kadhaa huinama, akatafuta kijani kwenye kovu la panga.