Samaki naye anakosa pumzi: angre ya shamba inashuka mu muto

Wandugu wafanyakazi, na bamama wenye kutupikia, sisi wa mugodi tunajua mambo ya pumzi. Mwenye kushinda mu mavumbi bila kinga anajua mapafu yanavyoharibika pole pole. Samaki naye iko na chombo chake cha kupumua: matamvua, ile nyama nyekundu chini ya shavu. Ngozi yake ni nyembamba sana, na pale ndipo oksijeni ya mayi inapita kuingia mu damu.

Hapa Katanga, mvua ikianza, tunapanda mahindi na kutia angre: NPK, kisha ure. Mvua kubwa ikipiga nyuma ya kutia, sehemu inakokotwa mpaka Kafubu, mpaka Lufira. Ure mu mayi inageuka amonia. Amonia inachoma matamvua: ngozi inavimba, vijani vyake vinashikana, utelezi unazidi, oksijeni inakosa njia. Kisha amonia inageuka nitriti. Hiyo inaingia mu damu na kuipa rangi ya kahawia, na damu ya namna ile haibebi oksijeni vizuri.

Tena angre inanonesha mwani. Mchana mwani unatoa oksijeni, usiku unaikula. Ndiyo maana mapema sana tilapia wanapanda juu, kinywa wazi. Kambale anavumilia zaidi, sababu anaweza kuvuta hewa ya juu, lakini matamvua yake yanaungua vilevile.

Tusiwatupie balimaji peke yao mzigo. Shaba iliyoyeyuka mu mayi machafu ya viwanda inapiga matamvua yale yale: inazuia samaki kushika chumvi ya mwili wake. Kwa hiyo sisi wa sendika tunasema: mayi ya mito yapimwe amonia, nitriti na shaba pamoja, na majibu yabandikwe pale familia zetu zinaweza kuyasoma.

Kwetu pia kuna kazi. Ure igawanywe mara mbili, ifunikwe na udongo, isitiwe wakati mawingu ni meusi. Mufuko wa angre usisafishwe mu muto. Kando ya mayi, majani yaachwe yasimame.

Ku soko, mama, fungua shavu. Matamvua ya kahawia yenye utelezi mwingi, ao samaki amelala siku nyingi, ao mayi yake ni mabaya. Acha pale.

Mushahara hauenei nyama kila siku. Bukari yetu inashuka na samaki. Muto ukifa, ni sahani ya watoto inabaki wazi.