Mafungo Bila Mfunguo

Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Methali hii walimu wa Kiswahili wamezoea kuifafanua kwa mifano ya wezi, walevi na vijana wanaokimbilia makubwa kabla ya wakati. Nadhani umefika wakati wa kuupanua ufafanuzi huo ili uwahusu pia watu wema wanaokwenda kupumzika.

Katika miaka ya karibuni imeenea desturi miongoni mwa wafanyakazi wa mijini, walimu na wahadhiri wakiwemo, ya kujitenga kwa siku tatu, nne au hata juma zima ili kuurejeshea mwili na akili nguvu. Wako wanaokwenda kando ya Ziwa Naivasha, wako wanaokwea hadi kwenye mashamba ya chai ya Limuru, na wako wanaoteremkia Diani au Watamu. Huko huzima simu, hulala mapema, hutembea asubuhi, hunyoosha viungo, hukandwa, na kula kwa utaratibu waliopangiwa. Wakatoliki wana desturi kongwe kuliko hiyo, ingawa lengo lake ni sala, nao huiita mafungo. Neno hilo linafaa, nami nitaliazima kwa aina zote mbili.

Sina ugomvi na mafungo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliutaja uchovu wa kazi katika orodha yake mpya ya kimataifa ya magonjwa, si kama ugonjwa, bali kama hali itokanayo na msongo wa kudumu kazini ambao haukudhibitiwa. Mtu huishiwa nguvu, moyo wake hujitenga na kazi au huidharau, na ufanisi wake hupungua. Mwalimu aliyewahi kusahihisha insha za darasa la wanafunzi 60 usiku wa manane hahitaji kusomewa maelezo hayo mara mbili. Basi na aende akapumzike, tena asiombe radhi kwa yeyote. Ninalotaka kulizungumzia ni Jumatatu inayofuata.

Jumatatu hiyo imechunguzwa. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Israeli, Mina Westman na Dov Eden, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu makarani 76. Uchovu ulishuka wakati wa likizo, kama ilivyotarajiwa. Siku 3 baada ya watu hao kurejea ofisini, ulikuwa umeanza kupanda. Wiki ya 3 ilipofika, ulikuwa umerudi palepale ulipokuwa kabla ya likizo. Utafiti unaotuhusu zaidi sisi wa ubaoni ulifanywa Ujerumani na Jana Kühnel na Sabine Sonnentag, ukachapishwa mwaka 2011. Wao waliwafuatilia walimu 131 kabla ya likizo fupi na baada yake. Walimu walirudi shuleni wakiwa na ari zaidi na uchovu pungufu, lakini faida hiyo iliyeyuka yote katika muda wa mwezi mmoja.

Msomaji mwenye haraka atasema: kumbe mapumziko ni kazi bure! Asifike huko. Watafiti hao waliona mambo mengine mawili ambayo kwangu ndiyo kiini cha habari. Kwanza, faida iliyeyuka upesi zaidi kwa walimu waliolakiwa na rundo la kazi. Pili, iliyeyuka polepole kwa wale walioendelea kujipa utulivu jioni na mwisho wa juma baada ya shule kufunguliwa. Kwa maneno mengine, tofauti ililetwa na namna ya kurudi.

Hapa naomba ruhusa nirejee katika taaluma yangu. Lugha tunayoitumia kuhusu mapumziko inajua kuondoka tu. Mfanyakazi wa Nairobi husema yuko “livu”, neno lililotoka kwa Waingereza, na nomino hiyo kwao ilikuwa na maana ya idhini, sawasawa na ruhusa tuliyoipata kwa Waarabu. Yote mawili yanamtazama mtu anayeaga mlangoni mwa mkubwa wake. Mlango wa kuingilia haukupewa jina. Hata neno marejeo, ambalo lingetufaa sana, wanafunzi wangu wanalifahamu kama orodha ya vitabu mwishoni mwa tasnifu, na wengi huiandika usiku wa mwisho.

Sheria nayo imeshika njia hiyohiyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi wa Kenya likizo ya mwaka yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa kila miezi 12 ya utumishi. Kuhusu siku ya 22 imenyamaza. Katika likizo ya uzazi, ya miezi 3, sheria hiyo inataja kurudi: mama ana haki ya kurejea katika kazi aliyoiacha au nyingine inayomfaa kwa masharti yasiyo duni kuliko ya awali. Kiti chake kimelindwa. Ukubwa wa rundo litakalokuwa juu ya meza yake siku hiyo haukutajwa.

Lakini tukichimba zaidi katika Kiswahili chenyewe, tunakuta hazina ambayo tumeikalia bila kujua. Mafungo yametokana na kitenzi funga. Kila mwanafunzi wa sekondari anajua, au anapaswa kujua, kwamba funga ikitiwa katika kauli ya kutendua hutupa fungua, kama kunja inavyotupa kunjua, na tega tegua. Jambo ambalo vitabu vya sarufi hulipita haraka ni kwamba kutendua si kukanusha. Mlango ambao haukufungwa na mlango uliofunguliwa si mlango mmoja. Kamba isiyofungwa haimgharimu mtu chochote. Kamba inayofunguliwa hudai vidole, subira na mwangaza. Kufungua ni tendo kamili lenye kazi yake, na mara nyingine kazi hiyo huzidi ile ya kufunga.

Waswahili wa pwani walilifahamu hili kiasi cha kulitia katika kalenda yao. Katika hesabu ya jadi, mwezi unaofuata Ramadhani, ambao Waarabu huuita Shawwal, huitwa Mfunguo Mosi. Baada yake huja Mfunguo Pili, kisha Mfunguo Tatu wenye Idi ya kuchinja, na kuendelea hadi Mfunguo Tisa. Kisha hufuata Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Tafakari jambo hili, ewe mwalimu wa lugha. Miezi tisa kati ya kumi na miwili haina jina jingine ila namba yake tangu watu waliporudi katika maisha ya kawaida. Maulidi huadhimishwa Mfunguo Sita, yaani mwezi wa sita wa kurejea. Mwezi wa faragha na ibada ulipewa heshima yake yote, lakini saa ya mwaka ilianza kuhesabiwa pale watu walipotoka.

Na hawakutoka kwa kishindo. Ramadhani ina mlango wa kuingilia, yaani siku za kuvunja jungu. Ina pia mlango wa kutokea, sikukuu ya Idi, ambayo mtu haruhusiwi kufunga. Baada ya Idi, wengi huanza kufunga sita, yaani siku sita za hiari ndani ya mwezi huo wa Mfunguo Mosi, mfululizo au kwa kuachanisha. Mantiki ya kidini ya siku hizo nawaachia masheikh. Mimi naitazama kama mpangilio wa maisha: kipande cha mwezi uliopita kinachukuliwa na kuwekwa katikati ya siku za kazi, wakati maduka yamefunguliwa na jirani anakula mchana. Ukikitazama hivyo, utawakumbuka wale walimu wa Ujerumani waliodumisha utulivu wa jioni baada ya likizo.

Mifano haikomi hapo. Mama aliyejifungua hukaa arubaini, akihudumiwa na kukandwa kwa maji ya moto na jamaa zake. Siku zikitimia, hutoka, na kutoka huko hujulikana mtaa mzima. Mjane hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, kisha hutolewa eda. Angalia kauli ya kutendwa: hutolewa, wala hajitoi mwenyewe. Maarusi nao walikuwa na fungate yao ya siku saba, neno ambalo halitokani na kufunga bali na jina la zamani la saba, na chakula kililetwa mlangoni. Jando nalo, katika jamii nyingi za bara, lilihitimishwa kwa sherehe ya kuwapokea vijana nyumbani. Kila mahali palikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kumpokea anayerudi. Mteja wa kituo cha mapumziko huagwa kwa tabasamu na risiti, kisha hupanda matatu peke yake, na simu anayoiwasha njiani ina ujumbe mia moja.

Tuje sasa shuleni, kwa kuwa walimu na wanafunzi hawahitaji kwenda Naivasha ili mambo haya yawapate. Sisi tuna mafungo matatu kila mwaka, na tunayaita kwa jina lake bila kujua: shule zimefungwa, shule zimefunguliwa. Je, siku ya kufungua huwaje? Mwanafunzi wa bweni huwasili na sanduku lake, hupekuliwa langoni, hudaiwa karo, na kabla godoro halijapata joto, huwekewa mtihani wa kufungua muhula. Mwalimu huingia katika mkutano wa saa tatu, hutoka na ratiba mpya, na kufikia Jumatano ana karatasi za mikondo minne za kusahihisha. Mtihani huo tunauita wa kufungua. Sijui kama yupo aliyewahi kufunguliwa chochote nao.

Bunge lilikwisha kuyatambua mapumziko ya mtoto. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kulazimishwa kuhudhuria masomo ya ziada wakati wa likizo. Lakini mtihani wa siku ya kwanza hupenya kwa mlango wa nyuma: mtoto anayejua kwamba atatahiniwa Jumanne hapumziki Jumapili, wala Jumamosi, na mzazi mwenye uwezo humtafutia mwalimu wa nyumbani. Hivyo likizo inaliwa kutoka upande wa mwisho. Mwalimu naye, ambaye huenda Desemba yake aliimaliza katika kituo cha kusahihishia mitihani ya taifa, au shambani, au katika vikao vya matanga na harambee za ukoo, anaanza muhula akiwa na deni la usingizi.

Pendekezo langu si la gharama. Mtihani wa kufungua usogezwe hadi wiki ya 3, au ufutwe. Juma la kwanza vitabu visipelekwe nyumbani kusahihishwa. Kipindi cha kwanza cha kila somo kitumiwe kwa mazungumzo: wanafunzi wasimulie walikokuwa, kwa Kiswahili sanifu kama somo ni Kiswahili, kisha wakumbushane walipoishia. Na mwalimu aliyepata bahati ya kwenda mafungoni achague jambo moja tu aliloliishi huko, kama matembezi ya alfajiri au saa moja ya jioni bila simu, alitie katika ratiba yake kama anavyotia zamu ya lindo. Akijaribu kurudi na yote, kufikia Ijumaa hatakuwa na hata moja. Wenzake katika chumba cha walimu wamsaidie kulilinda badala ya kumcheka.

Najua jibu la mwalimu mkuu: muda wa silabasi hautoshi, na wiki moja haiwezi kupotezwa. Namwomba aitazame sajili ya mahudhurio ya wiki hiyo ya kwanza kabla ya kunijibu. Katika shule nyingi wanafunzi huendelea kuwasili hadi Alhamisi au Ijumaa, wengine wakisubiri karo, wengine nauli. Mtihani wa Jumanne hufanywa na nusu ya darasa, kisha hurudiwa kwa waliochelewa, kisha mwalimu hukaa na mafungu mawili ya karatasi zenye maswali yaleyale, na majibu ya fungu la pili yanafanana ajabu.