Helikopta ya uokoaji inaomba watu wangapi?

Mtumbwi ukizama mu Lualaba upande wa Kasongo, ao mtu akisombwa na Luama kule Kabambare, wanaofika kwanza ni wavuvi na majirani. Wengi wanauliza: helikopta iko wapi? Bei ya mashini ni shida, lakini watu wa kuiendesha ni shida kubwa zaidi.

Kwa kawaida, kuokoa kwa kamba kunaomba watu wane ndani: marubani wawili, anayeongoza kamba, na mwokoaji anayeshuka. Chini wanabaki mafundi. Tena hakuna anayekesha kila siku. Zamu ya saa 24 inaomba timu kadhaa.

Kupata watu hao ni vigumu. Kanuni za OACI, shirika la dunia la usafiri wa anga, zinataka rubani wa helikopta wa kulipwa awe ameruka masaa 150, ao 100 akisomea chuo kilichokubaliwa. Kila saa ni mafuta na pesa. Kushusha mtu juu ya maji kunajifunzwa baadaye, na mazoezi hayaishi.

Njo maana mwokoaji wa karibu hapa bado ni mvuvi. Yeye pia anahitaji mafunzo, kamba na jileti za kuelea.